Kanga ya Kijani ya Bi Mkasi

Tusajigwe hakuondoka Kijiweni kwa kishindo. Hakuaga, hakutukana, hakuandika ule waraka mrefu wa watu wanaoaga huku wakigeuka nyuma kutazama kama yupo wa kuwabembeleza. Aliacha tu kufungua kundi. Leo hakufungua kwa sababu alikuwa juu ya ngazi pale Ipinda akiandika jina la duka la dawa. Kesho hakufungua kwa sababu alikuwa Matema akipaka jina ubavuni mwa boti, na upepo wa ziwa ulikuwa unamtupia mchanga kwenye rangi mbichi. Keshokutwa hakuwa na sababu, na hakuitafuta.

Kijiwe cha Rangi lilikuwa kundi la wachoraji kwenye simu, watu maelfu kutoka kila pembe ya nchi. Mwanzoni lilikuwa jambo jema, na Tusajigwe hakuwa mtu wa kukana jema lililomfaa. Hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa. Kupaka mwanga juu ya maji alifundishwa humo na kijana wa Musoma ambaye mpaka leo hawajaonana uso kwa uso. Watu walikuwa wanakosoana bila kuvuana nguo. Ukiweka picha ya mkono wenye kidole kibovu, unaambiwa kidole kibovu, unarekebisha, unalala.

Halafu wakubwa wakaanza kunusa. Kiongozi wa kundi, aliyejiita Mzee Turubai na ambaye jina lake halisi hakuna aliyelijua, akatoa tangazo. Kila mwanachama apandishe picha zake zote, ziwe kubwa, safi, zisiwe na sahihi, na chini ya kila moja aandike amechora nini. Ni kwa ajili ya Hifadhi, alisema. Hifadhi ya nini, hakusema.

Tusajigwe alipandisha zake siku ileile, kama wengine. Shaka ilimwingia kesho yake, na ilipoingia haikutoka. Akaandika kundini, "Mzee, sahihi inaharibu nini kwenye picha?"

Walimcheka. Mmoja akaandika, "Dada wa Kyela, punguza maswali, kula wali." Mwingine akasema huko kwenu kweli mmezidi kesi, mtu akiazima jembe mnaita mashahidi. Mzee Turubai mwenyewe akaweka kidole gumba kilichosimama, basi. Tangu siku hiyo Tusajigwe akawa anasoma kila kitu cha kundi lile kama mtu anayesoma mkataba wa shamba, na kundi unalolisoma hivyo huwezi kulipenda tena.

Ana kumbukumbu ndefu, na hilo ndilo tatizo lake, kama wanavyosema wale ambao wangefurahi asahau. Hajasahau kwamba alipokuwa darasa la sita picha aliyochora ya chanjo ilipelekwa wilayani kwenye shindano kwa jina la mtoto wa mwalimu mkuu, ikashinda, na mtoto yule akapewa mpira wa miguu ambao hata kuupiga hakujua. Hajasahau mwenye hoteli aliyempigia picha mchoro wake wa ukutani akauchapisha kwenye fulana. Mambo ya namna hiyo watu humwambia yapotezee, dada. Ayapoteze wapi? Alichotaka maisha yake yote ni kitu kimoja, wala si kikubwa. Mkono wake ukichora, mtu aseme mbele za watu, mkono huu ni wa Tusajigwe.

Siku aliyokwenda Kyela mjini kununua rangi ya mafuta, akapita kwa Habiba. Duka lilikuwa la marehemu Mzee Muksini, baba yake Habiba, na Habiba amelirithi pamoja na kiti na kikohozi cha kujifanya hasikii bei unayotaja.

"Ugonile, shoga," Habiba akamsalimia kwa Kinyakyusa chake cha dukani. "Mbona uso kama umefiwa na kuku?"

"Nimechoka na watu wa kwenye simu."

"Na mimi leo nilitaka kukupeleka kwa watu wa kwenye simu." Habiba akafuta skrini kwa ncha ya mtandio, akamsogezea. "Huyu umemsahau?"

Tusajigwe akatazama, na kitu kikamshuka kifuani, kizito na kitamu.

Alikuwa Bi Mkasi. Walipokuwa watoto kulikuwa na jarida la katuni likiitwa Zogo, lililokuja na basi la Mbeya likiwa limekunjwa katikati na kunuka mafuta ya taa. Ndani yake kulikuwa na mwanamke fundi cherehani aliyekaa stendi akishona nguo za wasafiri, masikio wazi. Tapeli akimliza mtu, Bi Mkasi alisimama, akachukua mkasi wake mrefu kama mkono, akamkata tapeli mfuko, suruali na uongo kwa mkupuo mmoja. Mzee Muksini ndiye aliyekuwa wakala. Watoto walisoma pale barazani kwake, vichwa vitano juu ya ukurasa mmoja, msomaji mwenye sauti akiwa Abasi, kaka yake Habiba. Jarida lisipofika, Tusajigwe ndiye aliyewachorea sehemu inayofuata, na Abasi akawa anawaonyesha wapi pa kupaka rangi. Kanga ya Bi Mkasi ilikuwa ya kijani. Kwa nini kijani, hakuna aliyeuliza. Abasi alisema kijani, ikawa kijani.

Jarida lilikufa bila kuaga. Tusajigwe akakua, akaingia Kijiweni. Huko, mwaka wa kwanza, walipoambiwa kila mtu achore shujaa wake wa utotoni, alimchora Bi Mkasi mara nyingi, kila mara kwa mkao mwingine. Vijana wakauliza, huyu mama ni nani? Hakuna aliyemjua. Akamkunja akamweka.

"Ni kundi la wasomaji wa zamani," Habiba akasema. "Watu wazima wenzetu. Yupo karani Songea, yupo Bibie wa Tanga anauza chakula bandarini, mcheshi huyo hana mfano. Na yupo mmoja, anajiita Fundi Cherehani, anatoa sehemu mpya kila wiki. Mpya kabisa, shoga."

"Nani huyo?"

"Fundi Cherehani."

"Nimekuuliza nani."

Habiba akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangika. "Watu wa mtandaoni nitawajulia wapi."

Tusajigwe akaliona lile. Akaliweka.

Hata hivyo akajiunga, na wiki ile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo muda mrefu. Karani wa Songea alikumbuka maneno ya tapeli mwenye jicho moja neno kwa neno. Bibie wa Tanga alirekodi sauti akimwigiza Bi Mkasi akimpimia kiuno mgambo, na Tusajigwe akacheka peke yake juu ya ngazi mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kama ameanguka. Hakuna aliyemwomba mtu picha kubwa. Hakuna aliyeshindanishwa na mwenzake. Walikuwa wanapenda kitu kimoja, basi, na kupenda pamoja kulitosha.

Kisha Fundi Cherehani akaweka sehemu yake mpya, na furaha ile ikapata ufa.

Ilikuwa picha nzuri. Bi Mkasi amesimama juu ya kiti cha cherehani, bega la kulia limeshuka, shingo imenyooka, kidole gumba kimepita nje ya pete ya mkasi. Tusajigwe akaikuza kwa vidole viwili. Akaikuza tena. Mtu anaujua mwandiko wake hata ukiandikwa gizani. Bega lile alilishusha yeye. Alikuwa analishusha vile tangu utotoni kwa sababu mama yake mzazi alikuwa na bega la hivyo, lililoinama kwa kubeba ndizi. Na kanga ilikuwa ya kijani.

Kabla hajaandika neno, Bibie wa Tanga akamtangulia. "Fundi, kila wiki nanyamaza, leo nasema. Mbona Bi Mkasi wetu unamvisha kijani kama mwenezi wa chama?" Akaweka picha ya jarida lenyewe, toleo la zamani, jalada limechakaa lakini zima. Pale juu, kwa rangi, Bi Mkasi alikuwa na kanga nyekundu.

Kundi likawaka. Songea wakasema nyekundu. Mwanza nyekundu. Mtu wa Lindi akasema ana majalada ukutani, kwenye yote kanga ni nyekundu. Nchi nzima, ikaonekana, Bi Mkasi alivaa nyekundu. Fundi Cherehani akajibu kwa ufupi kwamba yeye anavyomjua ni wa kijani.

Tusajigwe hakwenda kazini. Akapanda gari la Kyela, akaingia dukani bila salamu.

"Habiba, sisi jalada la Zogo tuliwahi kuliona?"

Habiba akakohoa kile kikohozi.

"Usinikoholee. Tuliwahi kuliona?"

"Shoga, marehemu hasemwi."

"Simsemi. Nauliza rangi."

Habiba akafunga droo, akaketi. "Baba alikuwa anayakata. Jarida likifika tu, anakata jalada kwa wembe, majalada anayarudisha Mbeya kama ushahidi wa majarida yaliyokosa wateja, ili asiyalipie. Lililobaki, lile la ndani, nyeusi na nyeupe, ndilo tulilosoma. Jalada hatukuliona hata siku moja." Akaanza kucheka kwa aibu. "Mungu amrehemu. Miaka yote ile tunamsoma mama anayekata matapeli, na mkasi wenyewe uko nyuma ya kaunta."

Tusajigwe hakucheka. Alikuwa anapanga kichwani. Kijani kilikuwa kosa, na kosa hilo lilizaliwa kwenye baraza moja tu la nchi hii. Kwa hiyo Fundi Cherehani alikuwa mmoja wa vile vichwa vitano. Wawili walikuwa wamefariki. Mmoja alikuwa yeye. Mmoja alikuwa Habiba, ambaye hata mstari wa kukatia kitambaa humpinda.

"Abasi yuko wapi?" akauliza.

"Usiende na hasira."

"Hajui kuchora, Habiba. Alichora jogoo tukamuuliza hilo buli la nani."

"Ndiyo maana nasema usiende na hasira."

Abasi alikuwa Makwale, karani wa ghala la chama cha wakulima. Msimu ulikuwa umeiva, na harufu ya kakao iliyochachushwa ilikushika koo kabla hujaona paa. Wakulima walikuwa wamepanga magunia, kila mmoja jicho kwenye mizani, jicho jingine kwa karani, hakuna anayepiga soga. Tusajigwe aliwapenda kwa hilo. Akasubiri nyuma ya mtu wa mwisho, na zamu yake ilipofika hakuwa na gunia.

"Kaka Abasi. Au nikuite Fundi?"

Abasi alikuwa amenenepa, mvi zimempitia ndevuni. Akaweka kalamu chini polepole. "Habiba amesema?"

"Habiba kakulinda mpaka sabuni zikachoka. Umesema wewe mwenyewe, kwa kijani chako. Sasa niambie, mkono wangu umeupata wapi?"

"Mkono wako?" Alishangaa, na mshangao ule ulimkera Tusajigwe kwa sababu ulikuwa wa kweli. "Dada Tusa, mimi siibi. Siibi hata maganda humu ghalani. Ni programu. Unaandika unachotaka, inakuchorea."

Akamwonyesha. Juu kabisa ya skrini paliandikwa Turubai, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba imefunzwa kwa maelfu ya michoro ya Kitanzania halisi. Tusajigwe akasoma mstari ule. Akausoma kama anavyosoma mikataba. Mzee Turubai alikuwa amejibu swali lake la sahihi, ila kwa kupitia mtu mwingine: Hifadhi ilikuwa ya kufunzia mashine.

"Andika," akasema. "Sasa hivi, nikuone. Andika Bi Mkasi anapigana na tapeli stendi. Usitaje nguo. Usitaje rangi yoyote."

Abasi akaandika kwa kidole kimoja, akiyatamka maneno kama mtoto. Wakasubiri. Mkulima mmoja aliyekuwa amesahau kofia akarudi, akawakuta wameinamia simu kama watu wanaotoa mwiba, akachukua kofia yake akaenda.

Picha ikatokea. Bega la kulia limeshuka. Kidole gumba nje ya pete. Kanga ya kijani.

"Rudia."

Akarudia. Kijani. Akarudia kwa maneno mengine, akamweka Bi Mkasi sokoni, akamweka mvuani. Kijani, na kijani.

"Wewe hukuiambia kijani," Tusajigwe akasema.

"Sijawahi kuiambia." Abasi akapangusa kioo kwa kiganja. "Mimi nilifikiri imepatia. Nikasema, hata mashine inamjua Bi Mkasi wetu."

"Nchi nzima anavaa nyekundu, kaka. Hakuna pahali mashine ingeokota kijani isipokuwa kwenye michoro ya mtu wa baraza lenu. Na wa baraza lenu aliyempeleka Bi Mkasi kwa hao jamaa wa Turubai ni mimi peke yangu. Walinitaka nifute sahihi, nikafuta. Kosa letu hawakujua kulifuta."

Abasi alikuwa mtu wa kuelewa taratibu, na alipoelewa uso wake ulizeeka.

"Kwa hiyo nimekuwa nakuweka wewe," akasema, "nakuita mimi."

"Ndiyo. Na sasa utasema."

"Kundini?"

"Nikisema mimi nitaitwa mwenye wivu. Ushahidi ni wewe. Wewe ndiye unayejua hukutaja rangi."

Abasi akainuka, akafunga mlango wa ghala nusu, akarudi kukaa. "Niache msimu uishe kwanza. Au nijitoe tu, ninyamaze, wasinione tena. Dada Tusa, hujui ilivyo. Mimi utoto mzima nilikuwa wa kusoma kwa sauti. Nyinyi mlichora, mlikata, mlishona, mimi sauti. Sasa watu wa Lindi wananiita mchoraji. Mtu ananiamkia asubuhi, shikamoo Fundi. Hujui ilivyo."

"Sijui," Tusajigwe akasema. "Mimi najua ilivyo kutoitwa."

Hakulainika. Angelainika kama Abasi angekuwa ameiba, kwa sababu mwizi anajua kosa lake na unaweza kumsamehe mkamalizana. Huyu alikuwa ametumiwa, kama yeye, na wanaotumiwa wakinyamaza pamoja ndipo wakubwa wanaponenepa. Akavuta kiti.

Abasi akaandika. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba katika kuchora alikuwa anasaidiwa kidogo na teknolojia.

"Futa 'kidogo'," Tusajigwe akasema.

Akafuta.

"Futa 'nasaidiwa'. Andika sikuchora."

"Hata moja?"

"Ulichora hata moja?"

Akaandika: Sikuchora hata moja. Akaandika programu inaitwaje. Akaandika rangi ya kijani ilikotoka, baraza, wembe na jalada, na alipofika kwenye wembe akasimama, kwa sababu ya baba yake, na Tusajigwe akatazama pembeni akamwacha achague. Akaandika. Mwisho akaweka jina: mkono ule ni wa Tusajigwe, mchora mabango wa Ipinda, Wilaya ya Kyela. Akatuma, akaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Ililia mfululizo. Hawakuifunua mpaka gunia la mwisho lilipoingizwa ndani.

Karani wa Songea alikuwa ameondoka kundini. Mtu wa Lindi aliandika kwamba kumbe alikuwa anaamkia mashine. Wengine walimtukana Abasi, wengine Mzee Turubai, na mmoja, kama ilivyotarajiwa, aliuliza huyu Tusajigwe naye tutajuaje anachora kweli, ajirekodi video akichora tumwone. Tusajigwe alikuwa amemtumia Mzee Turubai yote, picha kwa picha, kutokea palepale ghalani. Alijibiwa kwa kidole gumba. Alipotaka kuandika tena akakuta ameshatolewa Kijiweni, na michoro yake imebaki ndani.

"Ndaga fijo, asante sana," akaiambia simu, kwa sauti ya mtu anayetema mate.

Chini kabisa kulikuwa na ujumbe wa Bibie wa Tanga. "Fundi wa uongo, nimekusamehe nusu, nusu nyingine utaipata ukija kula kwangu na kulipa. Dada Tusajigwe, tuchoree wewe basi. Jarida lilikufa Bi Mkasi amefungiwa stoo. Tumtoe."

Abasi alimtazama kwa tumaini ambalo hakuwa na haki nalo. Tusajigwe alitaka kuchora mpaka vidole vikamwasha. Ndivyo watu wa Kijiweni walivyompata mara ya kwanza.

Akaandika, "Bibie, jina lako halisi ni nani, na hapo bandarini unauza chakula gani?"

Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake masufuria yakigongana. Jina lake lilikuwa Bibie, kitambulisho kilisema hivyohivyo, na leo kulikuwa na maharage na samaki wa kukaanga, samaki ameungua kidogo kwa sababu ya kesi za watu wa Kyela.

Tusajigwe akaisikiliza mara mbili, akitafuta mashine ndani yake. Hakuipata. Hata hivyo hakuiamini yote.

"Nitachora," akaandika. "Kwa karatasi na wino. Kundini siweki, na Bi Mkasi asipigwe picha. Nakala moja itasafiri kwa basi, kutoka msomaji mmoja hadi mwingine, na kila mmoja ataandika jina lake nyuma kabla ya kuituma mbele. Anayetaka aseme."

Akadhani amewafukuza wote. Kisha Lindi akasema yumo. Mwanza akasema yumo, ila basi la kwao linanyeshewa, ifungwe kwenye nailoni. Bibie akasema yumo, na aanze yeye kwa kuwa ndiye aliyeunguliwa samaki.

"Na mimi?" Abasi akauliza.

Tusajigwe akamtazama kama wale wakulima walivyotazama mizani.

"Wewe utasoma hapahapa," akasema. "Kwa sauti, mbele yangu. Na simu yako nitakuwa nimeikalia."